Muulize Fundi: Flashi ya bei nafuu na pini ya katikati

Barua za mwezi huu zimenikuta na flashi tatu mezani, mbili nzima na moja maiti. Hiyo maiti ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nyingi kati ya barua zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: flashi ya kampuni iliyotengeneza kamera yangu siiwezi, je, hizi za kampuni nyingine zitanifaa au nitajuta? Zitakufaa. Miaka mingi sasa nakula kwa flashi za namna hiyo. Ila kuna mitego miwili mitatu, na wa kwanza umo kwenye barua ya binti huyu.

Shikamoo Fundi. Nina Canon EOS 250D na lenzi yake ya 18-55. Picha zangu za ndani zinatoka giza. Nikiinua kile kiflashi chake kidogo, uso unang'aa kama umepakwa mafuta na kivuli kinabandikwa ukutani nyuma ya mtu. Nimeshachagua Yongnuo YN560 IV, bei yake naimudu na GN yake, ile namba ya nguvu, ni 58. Rafiki yangu anasema nichukue Godox TT600 kwa kuwa yenyewe ni 60, na mbili zaidi si haba. Nichukue ipi? – Binti wa 18-55

Marahaba, binti. Funga mkoba kwanza.

Chukua hiyo kamera, itazame pale juu flashi inapochomekwa, tunapopaita kiatu. Kwenye kamera nyingi za Canon utaona kituo kimoja kikubwa cha duara katikati na vinne vidogo karibu yake. Hicho kikubwa ndicho kinachoiambia flashi "waka!", hivyo vidogo ni vya mazungumzo: flashi iwake kwa nguvu gani, lenzi imevutwa milimita ngapi, na mengineyo. Sasa tazama ya kwako. Vidogo vipo, kikubwa hakipo. Canon walikiondoa kwenye 250D, kamera ya mwaka 2019, na si hiyo peke yake katika kamera zao za bei ya chini.

YN560 IV na TT600, zote mbili, zina pini moja tu mguuni, hiyo ya katikati. Ukiichomeka yoyote juu ya kamera yako itakaa vizuri, itawaka taa yake nyekundu ya kuonyesha iko tayari, utabonyeza, na hapatatokea kitu. Utadhani umeuziwa mbovu. Utairudisha dukani, muuzaji ataichomeka kwenye kamera yake, itawaka, na wewe utaonekana hujui. Nimeshuhudia ugomvi wa aina hii mara mbili, na mara zote mbili kila mtu alikuwa mkweli.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua flashi ya TTL, yaani ile ambayo kamera yenyewe huipangia nguvu, iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon, inayozungumza kupitia vile vituo vidogo. Hata hapo usikubali kuambiwa "inaingia Canon zote". Tafuta mahali mtengenezaji mwenyewe ameitaja 250D kwa jina, na ukishainunua isasishe programu yake ya ndani kwa waya wa USB kabla ya kulalamika. Au nenda na kamera yako, uichomeke, upige picha tano, ndipo utoe pesa.

Njia ya pili ni ya ujanja, na mimi ndiyo ningeifuata kama ningekuwa na mfuko wako. Nunua hiyohiyo ya pini moja, lakini usiiweke juu ya kamera. Iweke kando, juu ya kabati au kwenye stendi, uiweke kwenye modi iliyoandikwa S2. Katika modi hiyo flashi ina jicho linalosubiri kuona mwanga wa flashi nyingine. Inua kile kiflashi chako kidogo, bonyeza, na hii kubwa itaamka papo hapo. Kuna S1 na S2, usizichanganye. Kiflashi cha kamera hurusha kwanza mwako mdogo wa kupima, kisha mwako wenyewe. S1 huwaka kwa ule wa kwanza, ikawa imemaliza kazi kabla kamera haijaanza. S2 huuacha wa kwanza upite na kuwaka kwa wa pili. Ukishazoea, kinga kile kiflashi kidogo kwa kadi nyeupe ili mwanga wake uende juu badala ya kumpiga mtu usoni. Njia hii ni ya ndani ya nyumba tu. Nje, jua likiwaka, jicho lile halioni kitu.

Haya, tuje kwenye 58 na 60.

GN ni namba inayokuambia mwanga wa flashi unafika wapi. Igawe kwa namba ya aparcha, ile f ya upana wa tundu la lenzi, unapata umbali kwa mita, ikiwa ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ni 100. GN 58 kwa f/5.6 ni kama mita kumi. Hesabu nzuri, na watengenezaji wote wanajua kwamba mnunuzi ataitazama. Kwa hiyo wanaipima pale inapotoka kubwa, yaani kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi mwisho wa zumu yake, mwanga umebanwa kama wa tochi. Ile 58 ya Yongnuo imepimwa kwenye zumu ya milimita 105. Ile 60 ya Godox imepimwa kwenye 200. Kuzilinganisha ni kama kuwashindanisha wakimbiaji wawili, mmoja kwenye tambarare, mwingine kwenye mteremko. Hizo mbili zaidi za rafiki yako hazipo.

Nina kitabu cha maelekezo cha flashi yangu ya zamani, Canon 580EX II. Hata jina lake limetoka kwenye GN, 58. Humo ndani wamekuwa waungwana, wameweka jedwali. Kwenye 105 ni 58. Kwenye 35 inashuka hadi 36. Kwenye 24 ni 28. Flashi ileile, betri zilezile. Kutoka 58 hadi 28 umepoteza stopu mbili, kila stopu ikikata mwanga nusu, yaani umebakiwa na robo ya mwanga ulioandikwa kwenye boksi. Na wewe, kwa picha za sebuleni, utaishi huko kwenye 24 na 35. Ukitaka kulinganisha flashi mbili, tafuta GN yake kwenye 35. Isipopatikana, jua tu kwamba flashi zote za kimo hicho, zenye betri nne za AA, zina nguvu zinazokaribiana sana, kisha uangalie mambo mengine.

Jambo la kwanza katika hayo mengine ni shingo. Kichwa cha flashi kiweze kutazama juu, na kiweze pia kugeuka kushoto, kulia na nyuma. Flashi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa na namba kubwa na shingo iliyokakamaa, ikitazama mbele tu kama askari wa gwaride. Niliipigia sherehe nzima. Nyuso zote zilitoka kama sahani zilizooshwa, na nyuma ya kila mtu palisimama mtu mwingine mweusi. Kivuli kile unachokilalamikia wewe, binti, hakitokani na udogo wa kiflashi chako. Kinatokana na mwanga kutoka palepale lenzi ilipo, kwa upana wa kidole. Flashi yenye nguvu mara kumi ikitazama mbele itakupa kivuli hichohicho, cheusi zaidi.

Geuza kichwa kitazame dari jeupe, na dari lote linakuwa taa yako. Mwanga unashuka kutoka juu, mpana, kivuli kinalainika na kuangukia chini ambako hakuna anayekitazama. Hesabu yake ni hii. Tuseme kutoka flashi hadi dari ni mita moja na nusu, na kutoka dari hadi mtu ni mita mbili na nusu. Jumla mita nne. Chukua GN ya 36, gawa kwa nne, unapata f/9. Dari linakula mwanga, kadiria stopu mbili, umeshuka hadi f/4.5 kwa ISO 100. Panda hadi ISO 400, umerudishiwa zile stopu mbili, uko f/9 tena. Lenzi yako ikivutwa hadi 55 hufunguka mwisho f/5.6, kwa hiyo kwa ISO 400 utapiga kwa nusu ya nguvu ya flashi au hata chini ya hapo. Imekutosha na chenji imebaki.

Angalia rangi ya dari, lakini. Niliwahi kupiga kwenye chumba chenye ukuta wa kijani, kichwa nimekigeuzia ukutani kwa madaha. Mzee mmoja aliyeketi karibu na ukuta ule alitoka na rangi ambayo ingewatia wanawe wasiwasi.

Fundi, habari za kazi. Mimi natumia Nikon D3500. Juzi nimeazima flashi ya manuali ya rafiki, nikapiga nje kwa shata 1/500. Robo ya picha chini ni nyeusi tii, imekatwa kama kwa rula. Muuzaji anasema dawa ni flashi yenye HSS na TTL, na kwamba manuali ni ya wazee. Je, niongeze pesa nichukue hiyo? – Aliyekatwa Picha

Wazee tumekusikia.

Kwenye kamera yako shata ni mapazia mawili. La kwanza linafunguka, la pili linalifuata kufunga. Kwa mwendo wa 1/200 ya sekunde au wa polepole zaidi kuna muda ambapo la kwanza limeshafika mwisho na la pili halijaondoka, kitambuzi kipo wazi chote, na hapo ndipo flashi inapowaka. Ukienda 1/500, pazia la pili linaondoka kabla la kwanza halijafika, kwa hiyo kinachopita mbele ya kitambuzi ni mwanya tu. Flashi inawaka mara moja, kufumba na kufumbua, na inakuta sehemu imeshafunikwa. Hiyo ndiyo robo yako nyeusi.

HSS hufanya flashi itoe mimweko mingi ya haraka haraka muda wote mwanya unapopita. Ni kitu kizuri kwa anayekihitaji, na kinakula nguvu ya flashi vibaya. Lakini kamera nayo lazima ikijue, na D3500 haikijui. Ndugu zake wakubwa wanayo kwenye menyu kwa jina la Auto FP, ya kwako hawakuiwekea. Ukinunua flashi yenye HSS utaibeba hiyo HSS maisha yako yote bila kuitumia, kama mtu aliyenunua jozi ya viatu na mguu mmoja wa akiba.

Nje kwenye jua kali fanya hivi: shata 1/200, ISO 100, aparcha f/11. Hapo mazingira yanatoka sawasawa. Flashi kwa nguvu yote, zumu yake kwenye 35, itamfikia mtu aliye mita tatu na kidogo. Ivute zumu hadi 105 na itafika mita tano, ila mwanga utakuwa mwembamba, umtoshe mtu mmoja. Ukitaka mandharinyuma yenye ukungu kwa f/2.8 kwenye jua hilo, utahitaji kichujio cheusi cha ND mbele ya lenzi.

TTL je? TTL ni kamera kuifanya yenyewe kazi ya kupima mwanga wa flashi, kupitia lenzi. Inaiamuru flashi irushe mwako mdogo, inatazama uliorudi, inaamua nguvu. Kama kazi yako ni kurudi kinyumenyume mbele ya maharusi wanaotembea, umbali ukibadilika kila sekunde, inunue na usione haya. Mimi pia huko natumia TTL. Lakini ujue inadanganyika. Gauni jeupe likijaza fremu itapunguza mwanga, suti nyeusi ikijaza itazidisha, na ndugu wawili waliosimama pamoja watakutolea picha mbili tofauti kwa kuwa mmoja alisogea.

Manuali haidanganyiki kwa sababu haifikirii. Ukiiweka 1/8 itatoa 1/8 ya nguvu yake hadi betri ziishe. Ngazi zake ni 1/1, 1/2, 1/4, hivyo hivyo hadi 1/128, na kila ngazi ni stopu moja. Anza na 1/8. Picha ikiwa na giza, panda ngazi moja. Ikiungua, shuka. Kwa picha ya tatu umeshapata, na ukibaki umbali uleule huna haja ya kugusa kitu tena. Mtu akisogea mara mbili ya umbali wa kwanza, ongeza ngazi mbili, kwa sababu mwanga ukienda mara mbili unabaki robo. Mwanafunzi wangu mmoja alitaabika nayo Jumamosi moja tu. Jumapili alikuwa ananisahihisha.

Kwa hiyo kama unapiga picha za watu waliokaa, bidhaa, chumba, familia iliyopangwa mstari, baki na manuali, na pesa iliyobaki nitakuambia pa kuipeleka.

Fundi, marehemu baba aliacha flashi ya kamera ya filamu, bado inawaka. Naweza kuiweka kwenye kamera yangu ya dijitali? – Mrithi

Pole sana, na usiichomeke bado. Flashi za miaka ya 1970 na 1980 baadhi zilipeleka volti nyingi kwenye ile pini ya katikati, nyingine zaidi ya 200. Kamera za filamu zilikuwa na kiwashio cha chuma, hazikujali. Za dijitali zina saketi ndogo pale, na baadhi hazikutengenezwa kustahimili kiasi hicho. Washa flashi, isubiri ijae, kisha pima kwa mita ya umeme kati ya pini ya katikati na bati la pembeni mwa mguu. Ikionyesha volti tano au sita, furahi. Ikionyesha mia, iweke kwenye kabati la kumbukumbu. Au itumie mbali na kamera, kwa kijicho cha kuiamsha kilichotengenezwa kuhimili volti hizo.

Wapo wanaoogopa kwamba flashi mpya za kampuni nyingine nazo zinaunguza kamera. Hizi mpya hupeleka volti chache tu. Kilichoniharibia mimi kiatu cha kamera ni kuanguka nayo ngazini, na hapo flashi ya bei ghali ingevunja vilevile.

Shikamoo Fundi. Flashi yangu ina miezi minne. Zamani ilikuwa inajaa upesi, sasa nahesabu hadi kumi na mbili kabla haijawaka tena, na watu wanaondoka. Nimeuziwa mbovu? – Mhesabu Sekunde

Marahaba. Nina hakika hujaandika betri gani unatumia kwa sababu hukudhani ni jambo. Ndilo jambo lenyewe, na ndipo ile pesa iliyobaki ya kijana wa Nikon inapokwenda.

Betri za alkali za kawaida zina volti 1.5, nguvu nyingi kwa jumla, lakini hazipendi kutolewa umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Flashi inachotaka ni mkupuo. Kwa mimweko michache ya mwanzo zinakwenda, kisha zinaanza kuburura miguu. Betri za kuchaji za NiMH ni volti 1.2 tu, mtu akiona anazidharau, lakini zinaachia umeme kwa ukarimu. Flashi ya AA nne yenye NiMH nzuri hujaa kwa takriban sekunde tatu baada ya mwako wa nguvu yote. Kwa 1/4 hutahisi hata kwamba inajaa.

Nunua nane. Nne kwenye flashi, nne mfukoni. Tafuta zile zinazotunza chaji zikiwa zimekaa, kama Eneloop, ambazo Sanyo walizitoa mwaka 2005 na baadaye zikahamia Panasonic. Zimeandikwa mAh 2000 hivi, na hiyo ni namba ya kweli. Ukikuta AA ya NiMH imeandikwa 4000, anayekuuzia ni mshairi. Ya kweli haivuki sana 2700.

Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika. Nne za kwanza ziandike A, nne nyingine B. A zichajiwe pamoja, zitumike pamoja, zizeeke pamoja. Moja ikiwa dhaifu kati ya nne, flashi nzima inakwenda kwa mwendo wa huyo dhaifu, na zile tatu zinaumia zikimvuta. Chaja nayo iwe inayochaji kila betri kivyake, yenye taa nne. Chaja yenye taa moja kwa betri nne inakisia tu.

Halafu jambo la mwisho, punguza nguvu. Nina wasiwasi unapiga 1/1 kila mara kwa ISO 100 kwa kuwa uliambiwa ISO ya juu ni dhambi. Nenda ISO 400, flashi ishuke 1/4. Itajaa haraka, haitapata moto, na betri zitafika mwisho wa shughuli. Hiyo maiti iliyoko mezani kwangu niliiua hivyohivyo, 1/1 mfululizo kwenye mchana wa joto, nikisikia harufu ya plastiki na kujiambia nimalizie kundi moja tu.

Kuna mtu ananiuzia flashi iliyotumika. Niipimeje? – Mnunuzi Makini

Fungua mlango wa betri kabla ya kuwasha chochote. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye springi, betri zilivujia humo, shukuru, ondoka. Tazama kioo cha mbele. Nyuma yake kuna mrija wa kuwakia, na ukiwa umeungua utaona kioo kimefanya doa la kahawia. Shika kichwa ukizungushe kote, kiwe na mkwamo wa wastani, kisilegee kama shingo ya kuku. Chunguza mguu: nyufa za plastiki pale mguu unapoungana na mwili ndizo zitakazokudondoshea flashi.

Washa. Zungusha zumu, sikiliza mota ndogo ikisaga kutoka 24 hadi mwisho. Elekeza kwenye ukuta mweupe, nguvu 1/1, piga kumi kwa kuziacha zijae, ukipiga picha za ukuta kwa mipangilio ileile. Picha kumi zifanane. Ikiwa ya nne ina giza na ya saba imeungua, mwache nayo. Flashi iliyokaa mwaka bila kutumika inaweza kuwa nzito mwanzoni, iache imewaka dakika chache, kisha anza upya.

Usiifungue. Kapasita ndani inatunza volti mia tatu na zaidi, na inazitunza hata betri zikiwa nje.

Fundi, mimi nina Sony na mke wangu ana Nikon. Tunapiga kazi pamoja. Tununue flashi mbili tofauti au moja itatutumikia? – Nyumba ya Kamera Mbili

Nyumba yenye amani, hiyo. Kwenye kiatu cha kamera, TTL ya Nikon haizungumzi na Sony kabisa, na Sony wenyewe walibadili kiatu chao mwaka 2012, kwa hiyo hata flashi ya pini moja mtafute toleo la Sony, kama TT600S, badala ya kubahatisha.

Lakini flashi isiyokaa juu ya kamera haijali. Siku hizi hata hizi za bei nafuu zina redio ya 2.4 GHz ndani. Mnanunua triga, yaani kifaa cha kukaa juu ya kamera na kuziamuru flashi kwa redio, moja ya Sony na moja ya Nikon, na flashi zenyewe zinabaki za wote. Kwa mfumo wa X wa Godox, flashi iliyotengenezwa kwa Nikon ikiwa kwenye stendi hupokea amri za triga ya Sony, hata TTL. Atakayepiga kwa wakati huo ndiye anayeiongoza.

Chagueni ukoo mmoja tu. Redio ya Godox na ya Yongnuo hazisikilizani. Ukinunua moja huku na moja kule kwa sababu ilikuwa na punguzo, utakuwa na flashi mbili na triga nne, na mkoba mzito kuliko wa fundi bomba. Mimi nilikuwa na koo tatu kabla sijapata akili. Na mkichukua zile zenye betri yake maalumu ya lithiamu badala ya AA, ni tamu sana, zinajaa kwa sekunde moja na nusu na hudumu siku nzima, ila nunueni betri ya pili siku hiyohiyo, wakati bado inatengenezwa.

Kile kikofia cheupe cha plastiki cha kuvalisha flashi kinasaidia? – Asiye na Jina

Chumbani chenye dari na kuta nyeupe, kidogo, kwa sababu kinatawanya mwanga ugonge kila upande. Nje, hakuna cha kugonga. Kinakula betri zako na kumurika ndege.